Keki ya Kilo Tatu

Bwana Lushinge alikuja dukani Jumanne, jua la saa tisa,
akafuta viatu kwenye gunia langu la mlangoni
kama anayeingia ofisi ya mtu.
Anataka keki. Kilo tatu. Umbo la jiwe,
lile jiwe la ziwani linalopigwa picha,
lililopewa jina la mtu ambaye hakuwahi kuliona.
Juu yake niandike: Heri ya Kuzaliwa, Mwanza.

Nikamuuliza, serikali imetangaza?
Serikali haijui, akasema. Ni sisi tu,
watu tisa tunaopenda mambo ya zamani.
Ana karatasi, fotokopi ya fotokopi,
mwandiko wa Kijerumani umelala kama majani baada ya mvua.
Amepigia mstari siku moja:
siku hiyo bwana mmoja mwenye kofia
alishuka mtumbwini, akaonyesha kidole kilimani,
na watu wakaanza kubeba mawe.
Watu gani, karatasi haisemi.
Mawe mangapi, imesema.

Nikapokea malipo ya awali.
Mtungi wa gesi haujui ukoloni.

Usiku, nikikoroga sukari ya kijivu
mpaka ikubali kuwa jiwe,
nikamkumbuka shangazi Mbuke wa Igogo.
Mwaka wa njaa alikuta mtoto nyuma ya mashine ya kukoboa.
Mtoto ana meno. Anatembea. Anajua kuomba maji.
Kwenye cheti ikaandikwa siku aliyookotwa,
maana karani alitaka tarehe
na foleni ilikuwa imefika barabarani.
Hadi leo Ng'washi huisherehekea siku hiyo.
Anakula wali, anacheka na sisi,
halafu jioni anakaa nje peke yake
akihesabu kwa vidole kitu asichotuambia.

Na mji huu ulikutwa na meno.
Tazama Mabatini, tazama Bugando,
gego juu ya gego, na nyumba zimekwama katikati kama nyama.
Walikuwapo waliokuwa wakilala hapa, wakiamkiana mwadila,
wakigombania mipaka ya mashamba, wakidaiana mbuzi.
Maji waliyaita nyanza.
Mgeni akasikia nusu, akaandika alichosikia,
nasi tukajifunza kuitika
kwa sikio lake.

Mishumaa ya namba niliitafuta Makoroboi nzima.
Moja ilikuwepo. Tatu ilikuwepo, imekatika mkia.
Nyingine, muuzaji akasema, hazinunuliwi,
nani hufika umri huo?

Jumamosi tulikuwa ufukweni, viti vya plastiki, upepo.
Mwalimu mstaafu alileta hotuba, kurasa nne.
Alipofika kwenye neno waasisi
mshumaa ukazimika. Wakauwasha. Ukazimika.
Korongo alisimama pembeni kama mdai
aliyeambiwa arudi kesho, na kesho ndiyo hii.
Mama mmoja aliyekuwa akianika mashuka juu ya mawe
akauliza, wa nani huyo anayezaliwa?
Mji, wakamjibu.
Akabana kipande cha sabuni kwapani, akafikiri.
Na mkunga alikuwa nani?

Mwalimu alikunja kurasa zake, mbili hazijasomwa.
Kule kwenye maji kivuko cha Kamanga kilipiga honi,
kimejaa watu wasio na habari na sisi,
wana ndizi, wana magodoro, wana haraka.

Ndipo Bwana Lushinge akafunua boksi
akasoma nilichoandika kwa mkono wangu, kwa sukari nyeupe,
herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi:

Heri ya Kuandikishwa, Mwanza.

Hakusema neno. Alikata, akagawa,
kipande kinene akampa mama wa mashuka
aliyekifunga kwenye foronya mbichi, akampelekea mwanawe.
Baadaye akanilipa baki yangu, pungufu elfu mbili.
Sijamdai.